Kwa nini UDA haikupigwa marufuku Ireland ya Kaskazini hadi mwaka 1992?

Msomaji wetu wa Morogoro ameuliza hivi: "Nimesoma kwamba IRA, kundi la silaha la upande wa Wakatoliki, ilikuwa haramu tangu mwanzo wa vita vya Ireland ya Kaskazini, lakini kundi la Waprotestanti liitwalo UDA, ambalo nalo liliua watu kwa mamia, liliachwa likiendesha shughuli zake kihalali kuanzia 1971 hadi 1992. Iliwezekanaje? Je, ni kweli kwamba serikali ya Uingereza ilishirikiana nalo? Na leo bado lipo?"

Maswali haya yanashikana, na la kwanza ndilo lililobeba mengine. UDA haikuachwa kwa sababu serikali haikujua kilichokuwa kikitendeka. Iliachwa kwa sababu kila waziri aliyekabidhiwa Ireland ya Kaskazini tangu 1972 alipima hasara ya kuipiga marufuku, akaiona ni kubwa kuliko hasara ya kuivumilia, na kwa sababu UDA yenyewe ilijipanga kwa namna iliyompa waziri huyo kisingizio cha kuivumilia. Walioumizwa zaidi na uvumilivu huo ni raia Wakatoliki, ambao katika hesabu hiyo hawakuhesabiwa. Kwa wasomaji wa Kenya niseme mapema kwamba UDA hii haihusiani kwa lolote na chama cha siasa chenye herufi hizo hizo. Ni Ulster Defence Association, yaani Jumuiya ya Ulinzi ya Ulster.

Ireland ya Kaskazini iliundwa mwaka 1921 ikiwa na Waprotestanti wengi, ambao kwa kawaida walitaka kubaki chini ya Ufalme wa Uingereza, na Wakatoliki wachache, kiasi cha theluthi moja ya watu, ambao wengi wao walitaka kisiwa kizima kiwe nchi moja. Hakuna aliyeuawa kwa sababu ya kubishania sakramenti au mamlaka ya Papa. Dini ilikuwa alama ya upande wa mtu katika ugomvi juu ya nani atawale, nani apate nyumba ya halmashauri na nani aajiriwe kwenye viwanda vya meli. Wakatoliki walipoanza kuandamana kudai haki za kiraia mwaka 1968, walikabiliwa kwa virungu, na mwezi Agosti 1969 miji ya Derry na Belfast ikalipuka. Mtaa wa Wakatoliki wa Bombay Street ulichomwa moto, na tarehe 14 Agosti jeshi la Uingereza likaingizwa barabarani. Mwaka uliofuata polisi wa akiba walioitwa B Specials, ambao kwa Waprotestanti walikuwa ngao na kwa Wakatoliki walikuwa kitisho, walivunjwa. Wakati huo huo IRA ya Provisional, iliyozaliwa kutokana na mgawanyiko wa mwishoni mwa 1969, ilikuwa ikitega mabomu katikati ya miji.

Katika hali hiyo, wanaume wa mitaa ya Waprotestanti walianza kulinda mitaa yao usiku, kila mtaa na kikundi chake: Shankill walikuwa na chao, Woodvale chao. Mwezi Septemba 1971 vikundi hivyo vikaunganishwa, na ndipo UDA ikazaliwa, ikiongozwa mwanzoni na Charles Harding Smith wa Woodvale. Mojawapo ya kauli mbiu zake ilikuwa "sheria kabla ya vurugu", na ninaamini wapo wengi waliojiunga wakiichukulia hivyo kwa moyo mweupe. Ilipofika katikati ya 1972 inakadiriwa kuwa ilikuwa na wanachama wapatao 40,000, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa viwandani walioshika zamu za ulinzi baada ya saa za kazi. Waliandamana katikati ya Belfast kwa safu ndefu, wamevaa majaketi ya kijeshi, miwani myeusi na vitambaa vilivyofunika nyuso.

Idadi hiyo ndiyo ufunguo wa swali lako la kwanza. Machi 1972 serikali ya London ililisimamisha bunge la Ireland ya Kaskazini, la Stormont, na kuanza kuitawala Ireland ya Kaskazini moja kwa moja, na waziri wa kwanza kupewa kazi hiyo, William Whitelaw, mwezi Juni alikaa meza moja na wajumbe wa UDA waliokuwa wameziba nyuso zao. Tarehe 3 Julai, kwenye barabara ya Ainsworth Avenue inayotenganisha eneo la Wakatoliki na la Waprotestanti, maelfu ya wanachama wenye marungu na vyuma walikabiliana uso kwa uso na askari wachache mno kwa sababu walitaka kuweka vizuizi vyao wenyewe. Jambo hilo lilimalizwa kwa mazungumzo, wala si kwa risasi. Mwisho wa mwezi huo huo, Uingereza ilipofanya operesheni kubwa ya kuyarudisha maeneo yaliyokuwa mikononi mwa IRA, ilihitaji askari wapatao 22,000. Kwa afisa aliyeangalia namba hizo, kuipiga marufuku UDA kulimaanisha kujifungulia vita vya pili huku vya kwanza vikiwa vimemshinda.

Mawazo hayo yalishuka hadi kwenye mambo madogo ya kila siku. Jeshi lilikuwa na kikosi cha wenyeji kilichoitwa UDR, kilichoundwa 1970 kuchukua nafasi ya B Specials, na katika 1972 msimamo wa wakubwa ulikuwa kwamba mtu kuwa mwanachama wa UDA hakumzuii kuwa askari wa UDR, kwani kikosi hicho kilihesabiwa kuwa mahali pa kuzielekeza nguvu za vijana wa Kiprotestanti ambazo vinginevyo zingeleta fujo. Kijana aliweza kushika bunduki ya serikali wiki hii na kusimama kwenye kizuizi cha UDA wiki ijayo. Ukitaka kuona kipimo hicho cha pande mbili kwa macho, tazama orodha ya waliowekwa kizuizini bila kushtakiwa kati ya Agosti 1971 na Desemba 1975: walikuwa 1,981, na kati yao 107 tu ndio waliotoka upande wa Waprotestanti. Wa kwanza wao walikamatwa Februari 1973, zaidi ya mwaka mmoja tangu utaratibu huo uanze, na upande wao ukajibu kwa mgomo na fujo.

Sasa njoo kwenye kisingizio. Mwaka 1973 mauaji ya Wakatoliki yalianza kudaiwa na kundi ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, Ulster Freedom Fighters au UFF. Mwezi Juni mwaka huo Seneta Paddy Wilson wa SDLP, chama cha siasa cha upande wa Wakatoliki, na mwenzake Irene Andrews waliuawa kwa visu kwenye machimbo ya mawe nje kidogo ya Belfast, kisha mtu aliyejiita "Captain Black" akapiga simu gazetini kusema ni kazi ya UFF. Waandishi wa habari, polisi na majirani walijua kuwa UFF ni UDA iliyobadili jina kwa ajili ya simu hiyo. Novemba 1973 serikali iliipiga marufuku UFF na kuiacha UDA. Kuanzia hapo mtu aliweza kuwa na ofisi yenye anwani inayojulikana, mtaa wa Gawn Street mashariki mwa Belfast, akapokea wageni wa kigeni na kujibu maswali ya televisheni, huku mauaji yaliyoamriwa na watu wa nyumba hiyo hiyo yakiandikwa kwenye daftari la kundi jingine. Ni ujanja mwepesi kiasi cha kuaibisha, na ulifanya kazi kwa miaka 19 kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na haja nao.

Mtu aliyeuendesha kwa muda mrefu zaidi ni Andy Tyrie, aliyechaguliwa mwenyekiti mwaka 1973, wakati viongozi wa Belfast Magharibi na Belfast Mashariki walipokuwa wakigombana hadi kufikia kumwaga damu. Alionekana mtu wa katikati asiyetisha mtu. Mwaka mmoja baadaye aliionyesha London jinsi hesabu yake ya 1972 ilivyokuwa sahihi, na hapa inafaa tukae kidogo.

Desemba 1973, mjini Sunningdale, serikali ya Uingereza, ile ya Jamhuri ya Ireland na baadhi ya vyama vya Ireland ya Kaskazini walikubaliana juu ya serikali ya pamoja, Brian Faulkner wa upande wa Waprotestanti akiwa mkuu na Gerry Fitt, Mkatoliki, akiwa naibu wake, pamoja na Baraza la Ireland litakalounganisha kaskazini na kusini. Tarehe 15 Mei 1974 kamati ya wafanyakazi wa Kiprotestanti ilitangaza mgomo wa kuyapinga makubaliano hayo. Asubuhi ya siku ya kwanza watu wengi walikwenda kazini kama kawaida. Kisha UDA ikaingia kazini. Kwenye kiwanda cha meli cha Harland and Wolff ilitangazwa kwamba gari lolote litakalokutwa kwenye maegesho baada ya saa nane mchana litachomwa moto, na kiwanda kikawa kitupu. Vijana wenye marungu walifunga barabara kwa magari waliyoyateka. Wafanyakazi wa kituo cha umeme cha Ballylumford walipunguza umeme hatua kwa hatua, viwanda vikazimika, na baada ya siku chache daktari au mkulima aliyetaka petroli alilazimika kwenda kuomba kibali kwa wagomaji. Tarehe 17 Mei mabomu yaliua watu 33 katika miji ya Dublin na Monaghan. Kundi jingine la Waprotestanti, UVF, lilikuja kukiri mwaka 1993.

Jeshi lilikuwepo na vizuizi vilikuwa mbele ya macho yake, lakini halikuviondoa kwa nguvu. Waziri Mkuu Harold Wilson alihutubia taifa tarehe 25 Mei akiwaita wagomaji watu wanaoinyonya Uingereza, na neno alilotumia lilihusiana na sponji. Kesho yake watu wakatembea mitaani wamebandika vipande vya sponji vifuani. Tarehe 28 Mei Faulkner alijiuzulu na serikali ya pamoja ikafa ikiwa na miezi mitano. Kundi halali liliiangusha serikali halali kwa wiki mbili. Ungedhani huo ndio ungekuwa wakati wa kulipiga marufuku, lakini funzo waliloondoka nalo maofisa lilikuwa kinyume: waliona kuwa hawa ni watu wa kuzungumza nao. Katika majira hayo hayo serikali iliihalalisha hata UVF, iliyokuwa haramu tangu 1966, kwa matumaini ya kuivuta kwenye siasa. Oktoba 1975, baada ya mfululizo wa mauaji, ikairudisha kwenye marufuku. UVF iliua kwa jina lake yenyewe, na hilo peke yake ndilo lililoitenganisha na UDA mbele ya sheria.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kulegea. Mgomo wa pili wa Mei 1977 ulishindwa kwa kuwa wafanyakazi wa Ballylumford waliukataa. Tyrie na wenzake walijaribu siasa, wakatoa mwaka 1979 pendekezo la Ireland ya Kaskazini iliyo nchi huru, isiyo ya London wala ya Dublin, na mwaka 1987 John McMichael akasimamia waraka mwingine uliopendekeza kugawana madaraka na Wakatoliki. Nyaraka hizo zilikuwa na fikra kuliko nyingi zilizotolewa na wanasiasa waliovaa tai, lakini zisitufumbe macho: McMichael huyo huyo ndiye aliyekuwa akipanga mauaji, hadi bomu la IRA lilipomuua Desemba 1987. Nyuma ya nyaraka kulikuwa na vilabu vya pombe, pesa za "ulinzi" zilizotozwa kwa makampuni ya ujenzi, na makamanda ambao kila mmoja alikuwa mfalme wa eneo lake. Tyrie alijiuzulu Machi 1988, siku chache baada ya kukuta bomu chini ya gari lake.

Swali lako la pili, la ushirikiano, linahitaji tahadhari kwa sababu neno hilo linabeba mambo yasiyo sawa. Wasomaji wa Afrika Mashariki mara nyingi hulitaja hapa jina la Frank Kitson, afisa aliyetumia vikundi vya waasi bandia dhidi ya Mau Mau nchini Kenya miaka ya 1950 na kisha akaongoza brigedi ya jeshi Belfast kuanzia 1970 hadi Aprili 1972. Kiungo hicho ni cha kweli, na mwaka 2015 mjane wa mtu aliyeuawa na UDA alimfungulia kesi. Hata hivyo Kitson aliondoka Belfast UDA ikiwa na umri wa miezi saba, na kumtwika yeye yote yaliyotokea baadaye ni kuwapunguzia mzigo waliobaki.

Jambo la kwanza lililothibitika ni kuvuja kwa taarifa kutoka chini. Waraka wa kijeshi wa mwaka 1973, uliokuja kupatikana kwenye nyaraka za taifa miaka mingi baadaye, ulikadiria kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya askari wa UDR walikuwa na uhusiano na makundi ya wanamgambo wa Kiprotestanti. Mwaka 1985 idara ya usalama wa ndani ilitathmini kwamba asilimia 85 ya taarifa za kijasusi za UDA zilitoka kwa watu wa vyombo vya dola. Fikiria maana yake: kundi lilikuwa likichagua nani wa kumuua kwa kutumia picha na anwani zilizokusanywa kwa kodi ya raia, akiwemo huyo anayelengwa.

La pili ni zito zaidi. Brian Nelson, askari wa zamani aliyewahi kufungwa miaka ya 1970 kwa kumteka na kumtesa Mkatoliki mmoja, alikuwa mpasha habari wa kitengo cha siri cha jeshi kilichoitwa Force Research Unit. Alikuwa amehamia Ujerumani Magharibi, na mwaka 1987 jeshi likamrudisha Belfast ili awe mkuu wa ujasusi wa UDA. Yeye ndiye aliyetunza kadi zenye majina ya walengwa. Aliwapa makamanda picha, anwani, namba za magari. Tarehe 12 Februari 1989, jioni ya Jumapili, wakili Pat Finucane alikuwa mezani na mkewe na watoto wao watatu nyumbani kwao kaskazini mwa Belfast, wauaji wakavunja mlango na kumpiga risasi 14. Wiki chache kabla yake naibu waziri mmoja alikuwa amesema bungeni kwamba baadhi ya mawakili wanaielekea IRA kupita kiasi. Nelson alikuwa amewapa UDA picha ya Finucane. Aliyetoa silaha, William Stobie, alikuwa mpasha habari wa polisi. Ken Barrett, aliyehukumiwa kwa mauaji hayo mwaka 2004, naye alikuja kuwa mpasha habari wa polisi baada ya mauaji.

Haya yangebaki uvumi kama UDA isingejivuna. Agosti 1989, ikitaka kuthibitisha kuwa Mkatoliki iliyemuua alikuwa kweli mtu wa IRA, ilionyesha mafaili ya polisi na jeshi iliyokuwa nayo. Kashfa ikawa kubwa, na afisa wa polisi kutoka Uingereza, John Stevens, akaletwa kuchunguza. Alama za vidole za Nelson zilikutwa kwenye nyaraka. Januari 1990, usiku wa kuamkia siku iliyopangwa kumkamata, ofisi ya wachunguzi huko Carrickfergus iliungua; king'ora cha moto hakikulia na simu hazikufanya kazi. Stevens mwenyewe aliamini moto huo uliwashwa kwa makusudi. Nelson alikiri mahakamani mwaka 1992 makosa ya kula njama za kuua, akafungwa miaka 10, huku afisa wa jeshi asiyetajwa jina akimtetea kwamba aliokoa maisha ya watu wengi, dai ambalo uchunguzi wa baadaye haukulikubali.

Ripoti ya Stevens ya 2003 ilisema ushirikiano wa siri ulikuwepo. Ripoti ya wakili Desmond de Silva ya Desemba 2012 ilisema watumishi wa dola waliyasaidia mauaji ya Finucane yatokee, lakini ikakataa kwamba kulikuwa na njama moja kuu ya serikali. Waziri Mkuu David Cameron aliomba radhi bungeni, na familia ikaikataa ripoti. Kwa maoni yangu, ushahidi ulio wazi leo unatosha kusema kwamba maofisa wa jeshi na polisi waliruhusu watu wao walio ndani ya UDA waendelee na kazi huku wakijua kazi hiyo ni nini, na kwamba mawaziri waliokosa kuweka sheria ya kuwaongoza wapasha habari walipendelea kutouliza. Hautoshi kusema kwamba kuliwahi kutolewa amri kutoka juu. Septemba 2024 serikali ya London hatimaye ilitangaza uchunguzi wa hadhara, ambao familia ya Finucane iliudai kwa miaka 35.

Marufuku yenyewe ilikuja tarehe 10 Agosti 1992, chini ya waziri Patrick Mayhew. Kesi ya Nelson ilikuwa imemalizika na siri ilikuwa nje. Isitoshe, kamatakamata ya Stevens ilikuwa imewaondoa wazee na kuwapisha vijana, kama Johnny Adair wa Shankill, ambao hawakuwa na waraka wowote wa kisiasa wa kutoa. Februari mwaka huo waliua Wakatoliki watano kwenye duka la kamari la Ormeau Road. Kuitwa haramu hakukuwapunguza kasi hata kidogo: Oktoba 1993, wiki moja baada ya bomu la IRA kuua watu tisa na mtegaji wake mmoja kwenye duka la samaki la Shankill, UDA ilimimina risasi kwenye baa ya Rising Sun kijijini Greysteel na kuua wanane, wawili kati yao wakiwa Waprotestanti. Mwaka 1993 na 1994 makundi ya upande wa Waprotestanti yaliua watu wengi kuliko IRA. Kwa ujumla UDA na jina lake la UFF zinahesabiwa kuua watu takriban 260 katika vita vilivyochukua maisha ya zaidi ya watu 3,500, na wengi wa hao 260 walikuwa Wakatoliki wasio na silaha.

Ilisitisha mapigano pamoja na wenzake tarehe 13 Oktoba 1994. Wala marufuku haikuzuia mazungumzo, jambo linaloifanya hoja ya 1972 ionekane dhaifu zaidi: Januari 1998 waziri Mo Mowlam aliingia mwenyewe gereza la Maze kuwashawishi wafungwa wa UDA waunge mkono mazungumzo, na miezi mitatu baadaye Mkataba wa Ijumaa Kuu, uliofikisha vita hivyo mwisho, ukatiwa saini. Baada ya hapo risasi zao nyingi zilielekezwa kwa UVF na kwa wao kwa wao, kwa ugomvi wa maeneo na biashara ya dawa za kulevya. Novemba 2007 walitangaza kuivunja UFF, na Januari 2010 ikathibitishwa kuwa wamesalimisha silaha zao.

Kuhusu swali lako la mwisho: ndiyo, ipo. Bado ina wanachama na michoro yake ukutani katika mitaa ya Belfast, na bado imo kwenye orodha ya makundi yaliyopigwa marufuku, kwa hiyo kuwa mwanachama wake leo ni kosa la jinai, jambo ambalo halikuwa kosa katika miaka iliyoua watu wengi zaidi.